Kibati cha Ami Abdulwakil

Ami Abdulwakil alipakia mizigo Heathrow muda mrefu hata mgongo wake ukawa unajua uzito wa sanduku kabla mikono haijaligusa. Ndege alizozipakia zilikwenda kila pembe ya dunia. Yeye mwenyewe alipanda ndege kwenda Unguja tu, na karibu kila mara alikuwa anakwenda kuzika.

Mimi ni binti wa mdogo wake. Baba yangu alifariki nikiwa na miaka kumi na miwili, na ami akanichukua, akanileta Hounslow, akanipa chumba kilichotazama uwanja wa nyuma ambako Bi Mwatima, mkewe, alipanda bizari na mchicha kwenye ndoo. Wao hawakujaaliwa mtoto. Nilisoma, nikawa mfamasia, nikapanga chumba Kilburn. Hata nilipohama, ami hakuacha kunitembelea kila Jumapili, na hapo ndipo ulipokuwa ubishi mkubwa wa nyumba ile.

Ami hapandi treni za chini ya ardhi. Kutoka Hounslow hadi Kilburn alibadilisha mabasi, akafika kwangu adhuhuri imeshapita, na chombo cha biriani kimepoa mapajani. Bi Mwatima alikuwa akiteremka stesheni, anapita chini kwa chini, anafika, ananisaidia kufua na kupiga pasi, ndipo mumewe anabisha hodi.

"Mtu mzima na akili zake," Bi Mwatima alikuwa akisema, "anazungushwa na basi kama mzigo uliokosa mwenyewe."

Na ami akimjibu, "Nimekuja London kuiona, Bi Mwatima. Sikuja kupita chini yake."

Tulicheka. Tulidhani ni ukaidi, kwa sababu ami alikuwa mkaidi katika mengine pia. Hakuvaa glavu hata theluji ianguke vipi, na hakukubali kuiita chai kitu kisichochemshwa na maziwa.

Kuna jambo jingine la nyumba ile ambalo lazima nilieleze, ndiyo haya yatakayofuata yaeleweke. Ami alitoka kwenye ukoo wa Wamanga, Waarabu wa asili ya Oman, wenye duka shamba, Bumbwini. Bi Mwatima ni mtu wa Makunduchi, na baba yake alikuwa upande wa waliopindua, wala hakuwahi kuficha. Wawili hao walikutana London, kwenye harusi ya watu, mbali na macho ya wakubwa, na walipotaka kuoana pande zote mbili zilisema maneno. Wakaoana hivyo hivyo. Lakini nyumbani kwetu Hounslow, mwaka sitini na nne haukutajwa. Mgeni akianza habari za Mapinduzi, Bi Mwatima atakumbuka kuna kitu jikoni, na ami atauliza hali ya mvua. Mimi nililelewa ndani ya adabu hiyo, nikaifuata bila kuambiwa.

Mwaka 2019 mgongo wa ami ulimkatalia kabisa, akaacha kazi. Mwaka huo huo Bi Mwatima naye alistaafu. Alikuwa mhudumu katika nyumba za wazee. Kazi yake ilikuwa kuwaosha, kuwageuza kitandani, kuwalisha, na wengine kuwafumba macho. Nikawaambia nataka kuwapeleka safari, popote watakapo.

Ami akasema popote penye jua. Bi Mwatima alifikiri kidogo, kisha akasema, huku anaona haya kidogo, "Mimi nataka kuona jangwa la makauboi."

Kumbe alipokuwa mdogo, gari la sinema la serikali lilikuwa likija kijijini, likitundika shuka jeupe uwanjani, na watoto wanakaa chini kwenye mchanga kutazama watu wa kofia wakifukuzana kwa farasi katikati ya vilima vikavu. Miaka yote ile ya kusukuma viti vya magurudumu alikuwa navyo vilima vile kichwani. Sikuwahi kujua.

Basi nikatafuta, nikapata Salvera, mji mdogo wa zamani katika vilima vya jangwa la Arizona. Hapo kale palichimbwa shaba. Machimbo yakafungwa, wachimbaji wakatawanyika, na mji ukabaki na nyumba zake zilizoshika mlima kama kunguni walivyoshika kitanda, ndivyo alivyosema ami tulipoziona mara ya kwanza. Sasa watu wanaishi kwa watalii.

Siku ya kwanza ilikuwa nzuri mno. Mji ule hauna barabara nyingi, una ngazi. Unatoka hotelini unapanda ngazi, unatoka dukani unashuka ngazi, na juu yako hakuna kitu ila mbingu ya buluu iliyokauka. Tuliingia katika makumbusho tukaona helmeti za kale, baruti na vitanda vya chuma vya wachimbaji. Bi Mwatima alinunua pete ya firuzi, akavaa miwani ya jua, akasimama mbele ya baa ya zamani yenye milango ya kusukuma, akaniambia nimpige picha mikono ikiwa kiunoni. Mwenye duka akamwazima kofia. Ami alicheka mpaka akashika mgongo.

"Umekosa farasi tu," akamwambia.

"Farasi ninaye," Bi Mwatima akajibu, "ila mgongo unamuuma."

Siku ya pili tulikuwa na tiketi za kuingia mgodini. Ndicho kivutio kikubwa cha mji. Tiketi nilizikata mimi tangu London, na Bi Mwatima alikuwa akizitaja kila siku. Asubuhi ile ami alikunywa chai nusu kikombe, akasema tumbo halijatulia. Nikamwambia abaki hotelini. Akamtazama mkewe, aliyekwishavaa viatu vya kutembelea na anasubiri mlangoni, akasema, "Hapana. Twendeni."

Mlangoni mwa mgodi tulipokewa na Priscilla, mama mwenye nywele za mvi zilizosukwa mkia mmoja. Baba yake alichimba shaba mle ndani, naye sasa anawaongoza watalii. Alitupa makoti ya manjano, helmeti na taa, kisha akatupeleka kwenye ubao mkubwa uliojaa misumari. Kila msumari una kibati cha shaba chenye namba.

"Hii ni desturi ya wachimbaji," akatueleza. "Ukiingia, chukua kibati chako uende nacho. Ukitoka, kitundike pale pale. Jioni mkuu wa zamu hakuuliza maneno, alitazama ubao. Msumari ukiwa mtupu, kuna mtu bado yumo chini."

Ami alichukua namba yake, akaitazama sana, akaitia mfukoni.

Tulikaa kwenye kitreni kidogo, mguu huku na mguu huku kama mtu aliyepanda punda. Kikaanza kwenda. Upepo uliotoka mle ndani ulikuwa wa baridi, na una harufu ya jiwe lililolowa. Mimi nilikuwa nyuma, Bi Mwatima mbele kabisa karibu na Priscilla, na ami katikati. Niliona mabega yake yamepanda juu ya koti, nikadhani ni baridi.

Kitreni kiliposimama, tulishuka tukatembea hadi kwenye chumba kipana kilichochongwa ndani ya mlima. Priscilla akatueleza jinsi walivyotoboa miamba kwa nyundo na patasi. Kisha akasema, "Sasa zimeni taa zenu zote. Nataka muone giza walilolijua wao mshumaa ulipozimika."

Tukazima. Sijawahi kuona giza la namna ile. Niliweka mkono mbele ya uso wangu nisiuone. Mahali fulani tone la maji lilianguka, likanyamaza, likaanguka jingine. Watu walicheka kwa woga, mtoto akaanza kulia, mama yake akamnyamazisha. Priscilla akasema basi, taa zikawaka, akatuongoza kwenye chumba kingine cha mbele, ambako alituonyesha mshipa wa shaba, wa kijani na buluu, ukimetameta ukutani.

Tuliporudi kwenye kitreni ndipo nilipoona nafasi ya ami ni tupu.

"Ami yuko wapi?" nikamwuliza Bi Mwatima.

"Si alikuwa na wewe nyuma?"

"Nilidhani yuko na wewe mbele."

Tulitazamana. Bi Mwatima akaita, "Abdulwakil!" na sauti yake ikaenda ikapotea katika vishimo vya pembeni, ikarudi imevunjika vipande vipande. Tuliviona vishimo hivyo wakati wa kuingia. Baadhi vilizibwa kwa mbao, vingine kwa mnyororo tu. Priscilla alikuwa ametueleza kwamba vinakwenda maili nyingi, na vingine vinaishia kwenye mashimo ya kwenda chini.

Bi Mwatima, aliyekuwa akiwainua wazee wazito kuliko yeye bila kutetereka, aliniegemea. Alinishika mkono, anasoma kila dua anayoijua. Nilikuwa nikifikiri jambo moja tu, kwamba mimi ndiye niliyemleta.

Priscilla hakupiga kelele. Aliwaambia wengine wakae kwenye viti vyao wasiondoke, akaenda kwenye simu ya kale iliyopigiliwa ukutani, akazungusha mpini wake.

"Zephaniah," akasema, "kuna mzee wa kundi langu ametoka kwenye safu. Umemwona akipita hapo?"

Alisikiliza. Akatikisa kichwa kutuelekea. Zephaniah, mlinzi wa mlangoni, alikuwa amekwenda kidogo upande wa nyuma, hakumwona mtu.

"Namba yake?" Priscilla akatuuliza. Nikaikumbuka kwa sababu ilifuatana na yangu. Akaitaja kwenye simu. "Nenda ukatazame ubao."

Tulingoja. Sijui tulingoja muda gani. Nilisikia matone tena, na pumzi za Bi Mwatima.

Kisha uso wa Priscilla ukalegea wote. "Kimetundikwa," akasema. "Kibati chake kipo kwenye msumari. Yuko nje, mama. Mumeo yuko nje, juani."

Bi Mwatima hakujua Kiingereza cha machimbo, lakini neno hilo la juani alilielewa. Aliketi pale pale kwenye reli, akafunika uso kwa mikono yote miwili, akasema, "Alhamdulillahi, alhamdulillahi," mpaka Priscilla naye akapangusa macho.

Tulimkuta ng'ambo ya uwanja, amekaa kwenye ukuta mfupi wa mawe, helmeti kichwani, koti la manjano limefungwa mpaka shingoni katika joto lile. Viatu amevua. Amevipanga vizuri pembeni, kama mtu aliye mlangoni mwa msikiti.

"Wewe mwanamume unataka kuniua!" Bi Mwatima akamwambia tangu mbali. "Unataka nirudi Hounslow na kibati? Hata kuaga hukujua? Hukujua kusema natoka?"

"Sikuweza kusema," ami akajibu. "Nilitaka. Sauti haikutoka."

Ndipo Bi Mwatima alipomwona vizuri. Midomo yake ilikuwa myeupe. Akamvua ile helmeti, akakaa ukutani upande wake mmoja, nami nikakaa upande wa pili. Ami akaanza kusema huku anatazama vilima.

"Kule kwetu Bumbwini kuna mapango ya mawe ya pwani. Ndani yana maji, wanawake wanakwenda kuchota. Mwaka ule, watu walipokuja na mapanga, baba alikuwa mjini. Mama alitutoa kwa mlango wa uani, mimi na mdogo wangu, baba yako wewe," akanigusa goti, "alikuwa hajatimiza miaka miwili. Tukaingia pangoni. Mama akazima koroboi. Akanipa mtoto nimpakate, akaniambia kila akitaka kulia nimtie kidole kinywani anyonye. Yeye akakaa mbele yetu, karibu na mlango, na mchi wa kinu mkononi. Giza lilikuwa lile lile, na matone yale yale. Nje tulisikia watu wanapita, na mara nyingine kilio. Nilikuwa na miaka minane. Leo yule mtoto alipolia mle ndani, miguu ikaondoka nami. Nilishika reli kwa mkono nikaifuata, nikawa najiambia fuata chuma, fuata chuma, mpaka nikaona mwanga."

"Mlitokaje pangoni?" nikauliza. Baba yangu hakuwahi kunisimulia, na sasa nilielewa kwamba hakuwa na kumbukumbu yoyote ya kusimulia.

"Alikuwapo mtu jina lake Msabaha. Alikuwa mchumaji wetu wa karafuu. Wakati huo alikwishaungana na wenye mapinduzi, anatembea nao, ana kitambaa chao mkononi. Yeye ndiye aliyejua tulipo. Alitushushia mhogo wa kuchemsha ndani ya kikapu cha kuchotea udongo, na wenzake akawa anawapeleka njia nyingine. Mambo yalipopoa akatutoa, akatupitisha mashambani hadi kwa jamaa zetu mjini. Mama aliniapisha. Nisimtaje Msabaha kwa mtu yeyote, wenziwe wakijua watamchinja. Nikaapa. Kisha mama akafa, mimi nikabaki nacho kiapo, sijui nikipeleke wapi."

Bi Mwatima alizungumza kwa sauti ndogo.

"Na mimi? Miaka yote hii tumelala kitanda kimoja. Ulidhani nitakufanya nini?"

"Nilidhani utaona nakushitaki. Wewe na watu wako."

"Abdulwakil." Alivuta pumzi. "Unajua kwa nini mimi sikukuuliza? Baba yangu aliporudi nyumbani siku zile, alikaa barazani hakusema na mtu. Mama alimwuliza umeona nini, akamjibu nipe maji. Mpaka anakufa, hakusema. Tangu ulipokuja kunichumbia nimekuwa nikiogopa siku utakayoniambia kwamba yaliyowapata kwenu, baba yangu alikuwamo. Ndiyo nikawa nakimbilia jikoni."

Ami aligeuka akamtazama, ameshangaa kabisa. "Baba yako? Baba yako alikuwa Makunduchi, Bi Mwatima. Kusini kule. Sisi tuko kaskazini. Mimi baba yako nimemjua kwa picha uliyonionyesha wewe."

"Una hakika?"

"Wallahi."

Bi Mwatima akaanza kulia, kisha kilio kikageuka kicheko, naye hakujaribu kukizuia. Alimpiga mumewe begani na ile helmeti, si kwa nguvu. "Basi tumeogopana bure!" akasema. "Jamani! Tumeogopana bure, huyu kwenye basi na mimi jikoni!" Ami naye akacheka, mwanzo kama mtu anayekohoa, halafu kwelikweli. Watalii waliotoka mgodini na Priscilla walitutazama, wazee wawili wanafuta machozi ukutani na mwanamke pembeni yao anacheka bila kujua anacheka nini.

Priscilla alikuja na maji baridi. Ami alimwomba radhi kwa taabu aliyompa. Yeye akasema, "Baba yangu alichimba humu maisha yake yote, na siku alipostaafu alikataa hata kuingia ghalani bila mlango kuwa wazi. Huna haja ya kuomba radhi." Alimwuliza kama angependa kurudishiwa pesa za tiketi. Ami akasema hapana, mkewe hakumaliza kuona, na kama nafasi ipo arudi na kundi la mchana. Bi Mwatima alisita.

"Nenda," ami akamwambia. "Nenda uone halafu unihadithie. Mimi nina jua langu hapa."

Akaenda, na alipotoka alitundika kibati chake mwenyewe, akamweleza mumewe kila kitu kwa mikono, patasi hivi, nyundo hivi, mpaka chai ikapoa. Jioni tukaenda kutazama shimo kubwa la wazi nje ya mji, ambako machimbo ya mwisho yalikata mlima mzima na kuacha ngazi za rangi nyekundu, zambarau na manjano zikiteremka hadi kwenye kidimbwi cha kijani. Ami alisimama kwenye uzio muda mrefu, upepo unampepea shati.

"Shimo la namna hii," akasema, "sina ugomvi nalo."

Usiku ule alikula kuku na wali sahani mbili, akalala akikoroma hata Bi Mwatima akaja chumbani kwangu na mto wake, akasema afadhali anisumbue mimi.

Tuliporudi London, Bi Mwatima ndiye aliyeshika kazi ya kumtafuta Msabaha. Alimpigia dada yake Makunduchi, dada akampigia mtu Mkokotoni, mtu akauliza Bumbwini. Msabaha alikuwa amefariki zamani. Lakini bintiye yupo, anaishi pale pale, na tukapata namba yake ya simu.

Jumapili moja, nyumbani Hounslow, ami alipiga. Tuliiweka simu mezani tusikie sote. Alijitambulisha kwa jina la baba yake na la mama yake, Bi Salma, akataja duka, akataja pango.

"Baba alikuwa akiwataja," akasema yule mama upande wa pili. "Hakusema nini kilitokea. Ila redio ikisema habari za Ulaya au za Bara Arabu, alikuwa akiuliza, hivi wale watoto wa Bi Salma walifika salama?"

Ami alishika ukingo wa meza. "Tulifika, dada yangu," akasema. "Sote tulifika. Mdogo wangu alikua, akaoa, na binti yake yuko hapa mbele yangu anakusikiliza."

Nikamsalimia shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, akalia kidogo. Halafu Bi Mwatima akaivuta simu kwake, akamwuliza mvua za mwaka huu zikoje na bei ya pweza, na hawakuachana mpaka adhana ya magharibi.